Damu Katika Bwawa la Kwanza

Siku ile, kando ya bwawa la kwanza, tulikuwa watu watano: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, dada yetu kitindamimba, mchinjaji wa kichinjio kidogo cha pale Suna, na shemeji yake, aliyemsaidia kuchuna ngozi. Nawataja wote kwa sababu baadaye wengi walidai walikuwepo, na hawakuwepo.

Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Niliacha shule darasa la tano, na miaka michache baada ya uhuru nikapata kazi ya kutunza mabwawa matatu ya maji machafu nyuma ya kichinjio. Kazi ilikuja na kibanda cha mabati, na kibanda ndicho kilichotuweka pamoja. Jamaa walikuwa wameshatugawana: dada aende kwa shangazi huko Lambwe, mdogo wangu akachunge ng'ombe wa watu huko mpakani.

Bwana afya alinifundisha akiwa amesimama, kwa dakika chache tu. Uchafu huingia bwawa la kwanza, mzito hutua chini na kuoza. Maji hupita kwenda la pili, pana na la kina kifupi, ili jua lifike ndani. Humo huota ukijani, na huo ukijani ndio unaoyapa maji pumzi. La tatu ni la kutulia, kisha maji huenda kijitoni, walikoteka akina mama. "Ukiona kijani usiogope," aliniambia. "Ogopa nyeusi."

Nyeusi niliiona mara moja, na iliyoileta ni damu. Zamani wanawake, nyanya yangu akiwa mmoja wao, walikuja na vyungu kukinga damu ya kupika. Kisha kanisa letu likakaza katazo la kula damu, vyungu vikaacha kuja, na damu yote ikamwagwa mferejini. Ndani ya siku tatu ukijani ukafa. Maji yakanuka kama mayai viza, akina mama wakanipiga mawe, moja likanipasua kichwa. Bwana afya akasema akiyakuta meusi tena, nirudishe ufunguo wa kibanda.

Nikaleta pipa. Nilimwomba mchinjaji akinge damu humo, nami ningeizika. Alikubali kwa wiki kadhaa. Lakini siku moja kabla ya Krismasi walichinja tangu alfajiri, ng'ombe juu ya ng'ombe, pipa likajaa jua likiwa bado chini, nao wakaufungulia mfereji. Nilikwenda kumsihi asubiri nimwage pipa kwanza. Hakuacha hata kuchuna.

"Kama bwawa yako imeshiba, omera, kunywa wewe," alisema, akiniita ndugu kwa dhihaka. Shemeji yake akacheka.

Nikaziba mfereji kwa gunia la mchanga pale unapoingia bwawa la kwanza. Damu ikarudi nyuma, ikapanda sakafuni, ikawafika vifundoni na kulowesha nyama ya wateja. Wakatoka wote wawili. Shemeji alinichapa usoni kwa kamba ya kufungia ng'ombe, jicho moja likafumba. Mchinjaji akainama kung'oa gunia, nami nikampiga mkono wa kulia kwa mpini wa jembe. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikauinua mpini tena, safari hii nikikusudia kichwa. Sitasema uongo.

Mdogo wangu alikuwa akija mbio kunisaidia, akakata njia juu ya bwawa la kwanza. Utando wake ulikuwa umekauka mpaka majani yameota juu, ungedhani ni ardhi. Alijua, sote tulijua. Hasira ilimsahaulisha. Akazama bila sauti.

Mimi nilibaki nimesimama, mpini hewani. Mchinjaji ndiye aliyejitupa kifudifudi ukingoni, mkono uliovunjika ukiwa chini ya kifua chake, akatumbukiza wa kushoto mpaka begani.

"Shika miguu yangu," alimwambia shemeji.

Alipapasa, akakosa, akapapasa tena, akamvuta kwa ukosi wa shati. Dada alimpiga mgongoni mpaka akatapika damu isiyo yake.

Hakuna aliyekwenda kwa chifu. Jioni shemeji alichimba nami shimo kubwa la damu. Bwana afya alipokuja alikuta kijani, tukabaki na kibanda chetu.

Mkono wa mchinjaji ulipona umepinda, haukuweza tena kushika kisu. Kwa miaka miwili nilikwenda kila alfajiri kumchunia ng'ombe, naye hakunikataza wala kunishukuru. Hatimaye nilimuuliza nimlipe nini. Aliuinua mkono uliopinda.

"Hii ulivunja tukipigana, hiyo imeisha. Lakini hii ingine," akanionyesha wa kushoto, "ndiyo ilitoa ndugu yako. Hiyo utalipa."

Nikauliza lini.

"Nikiitisha."

Baadaye alihamia Homa Bay kwa mwanawe. Mdogo wangu ana watoto sasa. Mara mbili nimefika Homa Bay kwa shughuli nyingine, nikaulizia nyumba yake, nikaonyeshwa, nikasimama langoni, kisha nikageuka. Hajaitisha.