Zebaki Ndani ya Rimoti

Zebaki yenyewe nimeizoea. Miaka ile ya dhahabu niliiona ikiuzwa kwenye vichupa vya dawa ya macho, pembeni ya nyanya na dagaa. Kinachonitia kinyaa hadi leo ni kwamba mimi ndiye niliyemkabidhi mtoto wa miezi tisa rimoti aitafune.

Nilikuwa fundi wa redio na TV pale Mugumu. Sikusomea darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Vilipoanza kuingia vile visanduku vyeusi vya kuleta filamu za intaneti kwenye TV, vya ukubwa wa kiganja, vikitokea upande wa Kenya kupitia Sirari, nikajifunza navyo hivyohivyo. Shida yake ilikuwa rimoti. Ile iliyokuja na kisanduku ikipotea, ukanunua nyingine sokoni, programu ya filamu haiielewi: unabonyeza kushuka, inapandisha sauti. Dawa yake ni kuandika faili dogo la kuieleza programu kila kitufe kinataka nini. Nilikuwa nabonyeza kitufe kimoja kimoja, nasoma namba yake kwenye skrini, naiandika kwenye daftari, na mwisho naandika faili.

Ndivyo nilivyofanya katika nyumba moja upande wa Tarime, karibu na maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mwenye nyumba alikuwa na miaka kama thelathini, duara lake lilikuwa limetema dhahabu, na watu walikuwa wameanza kumwita bosi. TV yake ilikuwa pana kuliko dirisha la sebule. Rimoti ya TV ilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani, imetundikwa msumarini ili isichakae. Iliyotumika ni ile ya kisanduku, niliyoinunua mimi. Mkewe alinipa shikamoo. Bosi mwenyewe aliniita mura, kama kijana wa rika lake, nami nilimzidi miaka kumi na mitano.

Siku hiyo mtoto wao wa kike alikuwa anaota meno, analia bila kupumzika. Nilipomaliza kupima vitufe nilihitaji utulivu wa kuandika faili, nikampa rimoti. Akaitia mdomoni, akanyamaza.

"Umepata dawa, fundi," mama yake akasema. "Tangu asubuhi sijaketi."

Mwezi mmoja baadaye niliitwa tena. Vitufe vimehama, waliniambia. Nilifika na daftari langu. Sebule ilinuka supu ya utumbo iliyolala. Sahani zilikuwa chini ya kochi, nzi wamezijaa, na kwenye mkono wa kochi palikuwa na kizibo cha soda chenye zebaki, kinang'aa. Bosi alikuwa ameketi hapo, anakamua kitambaa kwa vidole vyake: dhahabu iliyokamatwa na zebaki inabaki ndani ya kitambaa, zebaki inachuruzika nje. Hakukamulia mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, kwa sababu huko macho ni mengi. Alikamulia mbele ya filamu, na kila ilipomchosha alichukua rimoti kwa vidole vilevile. Niliona kidole chake kikikosa kitufe mara tatu kabla ya kukipata. Nikadhani ni haraka.

Mtoto alikuwa sakafuni. Baba yake alipoiweka rimoti, aliitambalia, akaitia mdomoni.

Nilimnyang'anya ili nianze kazi. Namba zilikuja tofauti na daftari. Nikaandika faili upya, nikapima, zikaja tofauti tena.

"Fundi, umesoma vitabu vya redio mpaka umekuwa redio mbovu," bosi alisema. "Wenzako wa Sirari wanamaliza kwa dakika tano."

"Faili halibadiliki lenyewe, bosi. Kitu kiko ndani."

Nikaifungua rimoti. Chini ya ule mpira wa vitufe, katikati ya mate yaliyoganda na makombo ya biskuti, palikuwa na vitone vya zebaki, vimeunganisha njia za umeme zisizopaswa kugusana. Nilipoinamisha, vikabiringika pamoja, vikawa kimoja.

Mama wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama kitone, kisha mdomo wa mwanawe.

"Fundi. Hii ameinyonya mwezi mzima."

"Ndiyo, mama. Na mimi ndiye niliyemwanzishia."

"Inamfanya nini?"

"Kwa mtoto mdogo hivi ni sumu. Kiasi alichopata sijui, na moshi wake ni mbaya kuliko kuilamba. Apelekwe hospitali leo, na uwaambie ni zebaki. Usiwaambie ni meno."

Bosi alicheka. "Mimi naishika tangu sijaoa. Naumwa?" Akanyoosha mkono. "Leta hiyo. Zebaki ya kwangu imeshagusa dhahabu. Hapo ndani kuna kitu."

Nilidhani anatania. Alichukua kile kipande cha ndani, chenye mate ya mwanawe, akakiweka kwenye kikaango, akaenda jikoni kukichoma, zebaki iishe ibaki dhahabu, kwenye jiko la mkaa walilopikia uji. Kutoka huko akanipigia kelele:

"Mura, malizia TV kwanza! Usiku kuna mpira."

Ningeweza kuimaliza. Ile TV ilikuwa na uwezo wa kupitisha amri za rimoti yake hadi kwenye kisanduku kwa waya uleule wa picha. Ni kuwasha kipengele kimoja tu na kuchana ile nailoni. Nilikuwa nimeshaishika rimoti ya msumarini. Harufu ya plastiki inayoungua ikaingia sebuleni, na nikagundua kwamba kichwani mwangu nilikuwa bado natafuta kile kipengele kwenye orodha. Hapo ndipo nilipojichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Nikairudisha msumarini na nailoni yake.

"Mfunge mgongoni, mama. Twende na pikipiki yangu."

Hakuuliza ruhusa jikoni. Hospitalini, muuguzi aliandika "zebaki" kwa herufi kubwa, akasema hapo hawana kipimo, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Yule mama aliikunja barua akaiingiza kwenye kitenge. Alisema akitoka huko atavuka kwenda kwa mama yake upande wa pili wa mpaka, na kwamba katika nyumba ile mtoto huyu hatarudi kutambaa.

Tukiwa kwenye benchi tunasubiri gari, mtoto alianza kulia. Alinyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akaipeleka mdomoni. Nilimnyang'anya. Akalia zaidi, watu wakatugeukia. Nikaishikilia ile kalamu mkononi, akalia mpaka gari likaja.