Mwanamke wa Mbao na Uso wa Bibi

Wiki nzima chumba chetu cha mtaa wa Bertrams, Johannesburg, kilinuka dawa ya nywele, ila Jumapili kilinuka mafuta ya upako. Mama alikuwa msusi. Alisimama saluni asubuhi hadi jioni, Jumapili akasimama tena kanisani kwenye yale maombi yasiyoisha, kisha akarudi na kuketi kitandani bila hata kuvua viatu. Nami, mtoto wa miaka kumi, sikumhurumia. Nilimsumbua kwa swali moja tu, Bibi alifananaje. Bibi alifia Kamina, kwetu Kongo, kabla sijazaliwa, na picha yake pekee ilipotea na begi njiani Zambia, mama akija Johannesburg. Mama alijibu kwa uchovu, kipande kipande: shavu lake, alama zake za usoni, nywele zake. Siku nyingine aligeukia ukutani. Alisema uso unamponyoka, na anaogopa siku utakapompotea kabisa.

Ilikuwa 2016 hivi mwalimu alipotutuma makumbusho kutazama sanamu za kale za Kongo. Mama hakupenda hata kidogo, maana mchungaji wetu alifundisha kwamba sanamu hukaliwa na mapepo. Lakini shule ni shule. Tulitoka kanisani moja kwa moja, na mlangoni mwa makumbusho akatoa kichupa mkobani, akanipaka mafuta paji zima kama anayepaka chapati.

"Usiwaangalie mu macho," alisema. "Andika majina, tutoke."

Mimi nikaangalia. Nilibandika uso kwenye kioo, na nilipojitoa, paji langu lilikuwa limeacha doa kubwa la mafuta. Mlinzi alikuja kutukemea kwa Kizulu, lugha niliyoijua kuliko Kiswahili. Mama, kwa aibu, alishika ncha ya kitenge chake akaanza kufuta. Mafuta yalizidi kutapakaa, naye akazidi kusugua, hadi mkono ukasimama. Nyuma ya kioo alipiga magoti mwanamke wa mbao, kigoda cha chifu kichwani, macho amefumba, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma mfano wa msalaba.

"Njo nywele ya mama hii," alisema polepole, yaani ndizo nywele za mama yake. "Ya siku ya sherehe. Na shavu. Ni yeye, vraiment, kweli."

Akaketi sakafuni, akavua viatu, akalia bila sauti. Mlinzi naye akatuacha. Baadaye mama alisema huyu mwanamke amechoka, tangu zamani zile hakuna aliyempokea mzigo. Mimi nilifurahi mno. Niliona tumempata Bibi, na njia nzima ya kurudi nilirukaruka huku mama akijikokota nyuma yangu.

Siku hizi mimi ndiye ninayesimama saluni, mama miguu imevimba. Simu yangu imejaa picha zake; nampiga picha hata akiwa amesinzia, na kila jioni narudi nimechoka kama yeye wa wakati ule. Juzi nilimuuliza tena Bibi alifananaje. Zamani angetafuta maneno. Safari hii alijibu bila kusita: paji la mviringo, laini, midomo imefungwa, macho yamefumba.

"Na akicheka?"

Alikanda miguu yake.

"Yeye hacheki," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba huyo ni yule wa mbao. Nikamwacha naye, kwa kuwa hatuna Bibi mwingine.