Prosesa Niliyoifukiza Udi

Mie skuli sikufika mbali, basi haya nayasema kama yanavyokuja.

Naishi Gando na mjukuu wangu wa kike. Nikimtania namwita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu babu yake alikuwa akimpenda kuliko mie. Kazi yake kutengeneza mikanda ya video za harusi. Wapiga picha wanamletea, yeye anakata, anaunga, anatia taarabu. Sasa kompyuta yake ya zamani ikawa inakwama. Bibi harusi anatoka chumbani, mara kaganda mguu juu.

Mie nacheka, yeye hacheki. Akanambia, "Bibi, hii isipokwenda ntahamia Unguja. Kuna duka la picha wananitaka."

Nibaki mie na kuku?

Lakini alikuwa na njia. Alisema bodi, ile sahani kubwa ya ndani iliyochomekwa kila kitu, bado nzima. Atatoa prosesa tu, ndiyo inayofikiri, atie nyingine yenye nguvu. Bodi keshaipa programu mpya ili iitambue. "Kwani weye ukibadilisha balbu unavunja nyumba?"

Ikaja kwa meli, kutoka kwa kijana wa Unguja anayeuza vilivyotumika. Kidude hakijai kiganja, juu bati, chini vimiguu vyembamba, vingi kama nywele za mswaki. Akakiacha mezani, akaenda Wete kutafuta dawa ya kijivu inayopakwa baina ya prosesa na feni.

Sasa mie kitu kilichopita mikono ya watu hakiingii nyumbani kwangu hivi hivi. Nguo ya mtumba naifukiza, kitanda nakifukiza. Na hiki ndicho kitakachomzuia mtoto asiniondokee, kikae bila ya moshi? Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikafunika kikapu cha kufukizia nguo, nikakiweka kile kidude juu yake. Nikasoma vya kusoma. Kikapu kikateleza, kidude kikaangukia jivuni.

Nikakitoa, nikakifuta kwa pembe ya kanga. Vile vimiguu vikanasa kwenye uzi, nami nikavuta. Kutazama, vingine vimelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Nikakirejesha kisandukuni mwake, nikaenda jikoni kumenya muhogo ambao hakuna aliyeuomba.

Aliporudi akafungua, akakigeuzageuza. Kisha akampigia simu muuzaji, sauti nje.

"Kaka, umenitumia kitu kimepinda."

"Dada, wallahi nimekifunga kizima."

"Unaapa, na mie nakiona hapa?"

"Naapa tena. Mie nna watoto, silishi watu wangu dhulma."

Kisu kikanisimama mkononi. Mtu anamtaja Mungu kwa kosa langu, mie namenya muhogo. Nikatoka. "Muache. Ni mie. Nilikifukiza udi, kikaanguka, nikakifuta na kanga."

Kisha yule kijana akauliza polepole, "Udi wa kweli, bibi, au huu wa dukani?"

Mjukuu wangu akaangua kicheko, halafu kicheko kikageuka kilio. Hapo ndipo moyo uliponichoma. Nikaiomba simu, nikamtaka radhi mtoto wa watu.

"Nimekusamehe, bibi. Mwambie avinyooshe kwa wembe, taratibu. Kikikatika kimoja, basi tena."

Alikaa dirishani, anapenyeza wembe baina ya safu, anainua kimguu kimoja kimoja. Mie kando yake, hata kukohoa sithubutu.

"Bibi, pumua."

"Napumua."

"Hupumui."

Akaichomeka prosesa, akapaka dawa, akafunga feni, akawasha. Kioo cheusi. Nilitazama miguu yangu. Akaitoa, akakuta kimoja bado kimeinama, akakinyoosha, akairejesha. Feni ikalia, kioo kikawaka. Akaufungua mkanda mmoja, ukaenda mwanzo mpaka mwisho.

"Haya mke mwenza, siendi kokote," akasema.

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini nilifurahi na haya usoni. Nikamuuliza, "Umenisamehe kwa moyo au kwa mdomo?"

"Kwa moyo, bibi. Lakini nakujua, kesho utaniuliza tena."

Nikamuuliza kesho yake. Na leo asubuhi, anakunywa chai, nimemuuliza tena.