Ochanya Aliyehamia kwa Mahasimu

Sisi watu wa mji wa Prilep tuna mambo mawili tusiyoyafanyia mzaha: pilipili hoho za kuchoma, na Bitola. Hoho tunazipenda. Bitola, mji wa jirani, hatuutaki hata kuusikia, hasa kwenye mpira wa kikapu.

Ochanya Adakole hakuyajua hayo alipofika. Alitokea Otukpo, Nigeria, akapitia Romania na Ugiriki, klabu hii mwaka mmoja, ile mwaka mwingine. Mimi Lenche nilikuwa nahodha wa timu yetu ya wanawake. Siku yake ya kwanza mazoezini aliniangusha chini, akaninyanyua kwa mkono mmoja, akasema, "Pole, dada. Lakini hapa chini ya kikapu ni pangu."

Pakawa pake kweli. Mwaka wa pili tulitwaa kombe, naye akaolewa na Gotse, mwoka mikate wetu. Mama mkwe wake, bibi Stojna, alimnunia mwezi mzima. Kisha akamkuta uani akigeuza hoho kwenye bati la moto kwa vidole vitupu. Mama yake Ochanya ni muuza pilipili za kuchoma huko kwao, basi moto hakuuogopa. Stojna akatangaza mtaa mzima: "Huyu simwachii mtu!"

Msimu wa tatu akashika mimba. Hakungoja tumbo lionekane. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa klabu, bwana Risto, nami nikamsindikiza.

"Hongera," Risto alisema. "Basi ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa mpira. Mwanamke akishazaa magoti hulegea. Kila mtu anajua hilo."

"Wewe umezaa mara ngapi, bwana mwenyekiti?"

Nilijikohoza ili nisicheke. Risto akaiva uso kama nyanya. Akasema fulana ya Ochanya, namba nane, atampa mwingine.

"Nitajifungua masika," Ochanya alisema. "Vuli nitakuwa uwanjani."

"Si uwanja huu."

"Tutaona."

Alimzaa Ene, mtoto wa kike mwenye mapafu ya tarumbeta. Haukupita muda tukaanza kumwona akipanda mbio njia ya mawe kuelekea magofu ya ngome ya Mfalme Marko juu ya mji, jasho likimchuruzika, vikongwe wakipiga ishara ya msalaba. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukicheza naye kwenye kiwanja cha shule. Risto alitukataza. Tukaendelea.

Vuli ilipoingia, alikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi wa klabu na viatu vyake mkononi. Kocha Blagoja akasimama mlangoni, macho chini.

"Ochanya, Risto amekataa. Mimi sina kauli."

"Najua huna."

Akageuka, akaingia kwenye gari la mikate la mumewe. "Nipeleke Bitola."

Gotse akakamata usukani kama anayezama. "Mke wangu, sema popote. Sema hata Nigeria, tutaenda. Lakini Bitola?"

"Bitola, Gotse. Washa gari."

Bitola wakampokea siku hiyo hiyo. Prilep ikawaka. Wateja wengine wakaacha kununua mkate kwa Gotse. Bibi Stojna akasimama mlangoni pa duka, mikono kiunoni: "Asiyetaka mkate wetu akatafune mawe! Mlimani yamejaa tele!"

Kisha Bitola wakaja kucheza kwetu. Ukumbi ulifurika. Ochanya alipogusa mpira mara ya kwanza, miluzi ilitaka kung'oa paa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Msaliti! Rudi kwenu!"

Ochanya akauweka mpira kwapani, akamgeukia. "Kwetu ni nyumba ya tatu kutoka kanisani! Mechi ikiisha nitarudi!"

Wengi walicheka kabla hawajakumbuka kwamba wana hasira. Katikati ya mashabiki wetu alikaa Stojna, skafu ya Prilep shingoni, Ene mapajani.

"Bibi, wewe unamshangilia nani?" wakamuuliza.

"Prilep. Na mkwe wangu. Nani kakuuliza wewe?"

Mimi ndiye niliyepangwa kumkaba. Nikamsukuma kwa nyonga, kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Umenenepa, Lenche."

"Na wewe unanuka maziwa."

"Basi nikamate."

Akazunguka, nikabaki nimekumbatia hewa. Kikapu. Akarudia. Akarudia tena. Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye korido amevaa fulana ya Bitola, ameketi juu ya kreti ya maji, anamnyonyesha Ene. Risto akapita na wageni wake, akasema hapo si mahali pake.

"Mtoto ana njaa," Ochanya alijibu bila kuinuka. "Nyie piteni tu. Njia ni pana."

Wakapita kwa ubavu ubavu, wameuegemea ukuta.

Tulishinda kwa taabu, tukitweta. Lakini nilipokwenda sokoni siku ya pili, hakuna aliyeutaja ushindi wetu. Walikuwa wanamtaja yeye.

Msimu ulipokwisha, Risto akamtuma Blagoja nyumbani kwao kumwomba arudi. Ochanya alikuwa anaosha madirisha, hakushuka kwenye ngazi.

"Mwambie aje mwenyewe. Aniambie mbele ya mama mkwe wangu kama magoti yangu yamelegea."

Risto hakuja. Ochanya akacheza Bitola hadi alipostaafu, akilala Prilep kila usiku. Katikati alizaa mtoto wa kiume, na Bitola wakamwekea fulana yake hadi aliporudi.

Siku hizi anawafundisha wasichana wa mji wetu kwenye kiwanja cha shule. Wazazi wale wale waliokuwa wakimpigia miluzi ndio wanaogombania nafasi za binti zao. Risto alishaondoka klabuni, na wenye klabu wa sasa wamemwalika huko mara kadhaa. Haendi. Mwezi uliopita nilijaribu kumlainisha.

"Ochanya, mwenzangu, si yamepita?"

"Yamepita kwako," alisema, bila kuondoa macho kwa wasichana wake. "Sogea, Lenche. Umesimama kwenye mstari."