Mtambo Ajaza Mapengo

Idarani walimwita Mtambo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kumbukumbu za walimu: kila mwalimu alikuwa na faili lake la XML, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome, ndani ya hifadhidata, lenye somo lake, shule yake na majibu ya maswali aliyoulizwa na idara. Kazi ya kuyatunza mafaili hayo ilikuwa nyepesi, ila Mtambo alikuwa na kipaji cha kuifanya ionekane nzito. Hata kompyuta akiiwasha tu, alikunja uso kama daktari anayeingia kupasua mtu.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, na huko hakuna aliyempigia makofi, kwa hiyo alijipigia mwenyewe. Mkewe, Mama Pacha, alifundisha shule ya msingi mtaa wa pili, naye alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mumewe aliupenda uchache huo kwa sababu aliutumia apendavyo. Akisema mdogo wake anakuja kukaa nao wiki mbili, na mkewe akaendelea kukuna nazi bila kujibu, basi amekubali. Mdogo mtu alikaa zaidi ya mwaka. Akisema cherehani inabana sebule, na mkewe akatazama dirishani, basi amekubali. Cherehani iliuzwa Jumamosi hiyo hiyo, na mama wa watu akarudi kutoka sokoni akakuta alama za miguu ya cherehani sakafuni. "Kimya nacho ni jibu," Mtambo aliwaambia wenzake kazini, na kwake jibu lilikuwa moja tu siku zote.

Sasa Mkurugenzi wa idara hakuweza kuvumilia mapengo. Shule za mbali zilikosa walimu, akaagiza orodha ya walio tayari kuhama. Orodha ikaja na safu nzima ya nafasi tupu, maana walimu wengi walikuwa wameliruka swali hilo.

"Hii nini?" alifoka. "Yule mtaalamu aliyetuwekea mfumo si alisema asiyejibu atajaziwa?"

Ni kweli alisema. Mtaalamu mwenyewe alishaondoka zamani, lakini alikuwa ameacha skima, yaani waraka wa masharti unaoeleza kila faili liwe na nini, na kitu kikikosekana kijazwe nini badala yake. Penye swali la uhamisho aliamua kwamba asiyejibu aandikiwe "tayari". Kwa nini isiwe "hajajibu"? Hilo Mtambo hakujiuliza. Alichojiuliza ni kwa nini hiyo "tayari" haitokei.

Alihangaika wiki nzima. Alifungua skima, akaona neno lipo. Akafungua mafaili, akaona halipo. Akaizima mashine na kuiwasha tena, ambayo ndiyo dawa yake ya magonjwa yote. Akalaumu umeme, kisha akamlaumu mfagizi kwamba amegusa waya. Mwishowe akagundua kwamba programu inayosoma mafaili yakiingia kwenye hifadhidata ilikuwa inaitafuta skima katika folda iliyokwisha kufutwa. Ikiikosa, haikulalamika, iliyapokea mafaili hivyo hivyo na mapengo yake. Mtambo akaielekeza kwenye folda mpya, akaamuru kila faili lihakikiwe kwa skima, akayapakia yote upya. Safu ikajaa tayari, tayari, tayari, kuanzia juu hadi chini. Mkurugenzi akampa mkono mbele ya watu, na Mtambo akavimba kichwa hata mlango wa ofisi ukawa mwembamba.

Barua za uhamisho zilipotoka, korido ilifurika. Mwalimu mmoja alikuwa na mimba kubwa, mwingine alikuwa akimuuguza baba yake aliyepooza. Yule mjamzito ndiye aliyefika dirishani kwanza.

"Kaka, mimi sikuandika kwamba niko tayari."

"Mfumo umeandika, mwalimu."

"Kwani mfumo ndio unaohama?"

"Mfumo haukosei, dada yangu. Kama ulikuwa hutaki, ungesema." Akafunga dirisha, akaenda kunywa chai.

Jioni alimkuta Mama Pacha mezani, bahasha iko mbele yake. Shule aliyopangiwa ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa basi. Pacha wako chuoni, mdogo mtu hatimaye amepata kwake; mke akiondoka, Mtambo anabaki na kuta. Mfumo usiokosea asubuhi ukawa mbovu saa hiyo hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Upuuzi gani huu! Mke wangu mimi! Na wewe kwa nini uliacha patupu?"

"Nilikuwa nafikiri," alisema Mama Pacha. "Sijazoea kuulizwa nataka nini. Nimeulizwa mara moja tu, tena na idara, nikasema nisiwe na haraka. Kumbe mimi nafikiri, mtu ameshanijibia."

Mtu huyo alikohoa. Aliwakumbuka wale wa korido, akaona haya. Haya zenyewe hazikumkosesha chakula cha jioni.

Lakini kelele zilikuwa zimemfikia Mkurugenzi pia. Kesho yake akaagiza kwamba kila aliyejaziwa aulizwe mwenyewe, na fundi aandike jibu lake. Mtambo hakungoja foleni. Alibeba kompyuta hadi nyumbani, akafungua faili la mkewe kabla ya la yule mjamzito.

"Usiwe na wasiwasi, Mama Pacha. Naandika 'hapana', yamekwisha."

"Umeniuliza?"

"Kuna haja gani? Si najua?"

"Niulize."

Mtambo akacheka. Akamtazama usoni, akaacha kucheka, na hofu ikamshika asiyoizoea.

"Haya. Uko tayari kuhama?"

"Ndiyo. Niko tayari."

Mtambo akasema la fundi.

"Basi hakuna kazi hapa. Neno lenyewe si limeshaandikwa."

Akataka kufunga kompyuta. Mama Pacha akazuia kifuniko kwa kiganja.

"Hilo la mashine yako lifute, Baba Pacha. Andika langu."

Akalifuta. Akaliandika upya, herufi moja moja. Mama Pacha alisimama nyuma ya kiti mpaka alipoona limehifadhiwa, kisha akaenda chumbani kushusha sanduku.