Fundi turubai ashona pomboo anayepumua

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana umefunguka nusu tu. Nusu ya pili imezibwa na mkia.

Ni mkia wa turubai la kijivu, mpana kama godoro, uliotokeza hadi barazani. Mwili wake umejaza chumba kizima. Umepanda meza ya kukatia, ukashuka upande wa pili, na kichwa kimeegemea cherehani. Mwanamke aliyepiga magoti tumboni mwa mnyama huyo ameibana sindano kwa midomo, kwa hiyo salamu anaijibu kwa kichwa.

"Karibu, ila usimkanyage pezi," anasema baada ya kuitoa. "Pitia huku mgongoni."

Mtaani wanamwita Fundi Turubai. Hushona vifuniko vya malori, mahema ya shughuli na miavuli ya wauza matunda. Turubai moja la lori humpa chakula cha wiki nzima, biashara ikichangamka. Pomboo huyu hatampa hata nauli.

Jumamosi watu sita wataingia ndani yake na kumbeba mbele ya maandamano ya kupinga uwindaji wa pomboo na nyangumi wadogo, kutoka stendi hadi lango la soko la samaki. Na ndani ya soko hilo, kwenye meza iliyo karibu na mzani, nyama ya pomboo inauzwa na kaka yake wa tumbo moja.

Ni kaka huyohuyo aliyemnunulia cherehani.

Inakuwaje basi? Fundi anacheka, halafu anavuta uzi taratibu.

"Simpingi kaka. Napinga kazi. Nikimwambia hivyo ananiuliza, 'Kwani kazi inafanywa na nani, na upepo?'"

Kaka yake, ambaye sokoni wanamwita Kisu, alishika nafasi ya baba yao alipofariki. Alianza kuwinda akiwa kijana. Yeye na wenzake hulifuata kundi la pomboo kwa boti, wakigonga vyuma ndani ya maji hadi wanyama, waliochanganywa na kelele, wakimbilie kwenye kina kifupi. Huko nyavu hufungwa.

Fundi amekula nyama hiyo tangu utotoni. Kilichombadilisha ni tenda ya kawaida kabisa. Alikwenda ufukweni kupima kifuniko cha boti ya kaka.

"Walikuwa wamelazwa mchangani, nikajua wamekufa wote," anasimulia. "Nikamruka mmoja ili nipite na tepu yangu. Akapumua. Si kupapatika kama samaki, hapana. Alishusha pumzi, hivi." Anaishusha, mabega yanalegea. "Kama mama aliyetua ndoo kutoka kichwani. Vipimo vyote vikanitoka. Kile kifuniko nilikishona kifupi, ikabidi nirudie."

Binti yake, anayesoma chuo na ni mmoja wa vijana wanaoandaa maandamano, alimwomba ashone bango la maneno tu. Mama akakataa.

"Bango husomwa na aliyekwisha kukubali," anasema. "Nataka wasikie nilichosikia mimi."

Ndiyo maana utosini mwa mnyama huyu kuna tundu. Ndani yake umefungwa mpira wa tairi la gari, unaosukumiwa hewa kwa pampu ya mguu na kuitoa kwa tundu hilo. Mbebaji wa mbele akikanyaga, pomboo anashusha pumzi. Inasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Lakini aliyekamilika mwanzo hakuwa pomboo. Mikono ya Fundi imeparua samaki maisha yake yote, na ilipofika mkiani ilikata mkia wa samaki, uliosimama wima. Yeye hakuona kosa. Binti naye aliona jambo jingine.

"Nilimwambia anafanana na mto wa kulalia," binti anasema.

"Nikamwambia basi alale," mama anajibu.

Walimtundika nje aonekane. Siku hiyo Kisu, aliyekuwa ameacha kupita kwa dada yake kunywa chai tangu asikie habari za maandamano, alipita upande wa pili wa barabara. Hakuweza kujizuia.

"We mdogo wangu, huyo nani?"

"Pomboo."

"Pomboo gani? Huyo samaki, kibua aliyenenepeana! Mkia wa pomboo umelala bapa, unapiga juu na chini kama mtu anayekung'uta mkeka. Mpelekeni hivyo, soko zima liwacheke, na mimi wa kwanza."

"Basi njoo unionyeshe."

Kisu alitazama huku na huku, akavuka, akaingia karakanani, akachukua chaki na kuuchora mkia sakafuni.

"Mjomba, mbona unatusaidia?" binti aliuliza.

"Simsaidii mtu. Nasahihisha."

Alipokuwa akitoka, mguu wake ulikanyaga pampu iliyokuwa mlangoni. Pomboo akapumua. Kisu alisimama, akaondoa mguu polepole, kisha akaondoka. Chai aliyowekewa ikapoa mezani.

Sokoni, mwandishi anamkuta akipanga nyama. Hana haya wala hasira nyingi.

"Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi," anasema, akimaanisha cherehani. "Wakiifunga kazi hii, waje pia waniambie watoto wangu watakula nini."

Na ile pumzi, huwa anaisikia?

"Baharini kuna kelele. Tunagonga vyuma." Anageuza kipande cha nyama, anakirudisha kilivyokuwa. "Nyavu zikishafungwa wenzangu huacha kugonga. Mimi naendelea."

Kwa nini? Kisu anachukua jiwe na kuanza kunoa kisu ambacho tayari kinang'aa.

Huko karakanani, dada yake ana mpango. Amesikia kwamba kuna watu walio tayari kulipa nauli ili wawatazame pomboo wakiwa hai. Ameshaipima upya boti ya kaka, safari hii kwa ajili ya kivuli cha abiria. Turubai la buluu limekunjwa juu ya kabati, likisubiri mwenye boti aseme ndiyo.

Kwa sasa anashughulika na Jumamosi. Ndani ya tumbo la mnyama ameshona mikanda sita ya mabegani. Mitano ina majina ya vijana yaliyoandikwa kwa chaki. Wa mkiani hauna jina, ingawa binti amekwisha kumletea rafiki watatu wa kuchagua.

"Ule mkia unataka mtu anayejua unavyopiga," anasema Fundi. Anauvuta mkanda huo kuupima nguvu, kisha anaurefusha kidogo. Kaka yake ana mabega mapana.

"Jumamosi asubuhi nitampelekea chai yake mezani kwake. Akikataa, tutakwenda hivyohivyo, mkia ukiburutwa chini, na kila atakayetuona atajua kuna mtu wetu tunamsubiri."