Nililock statistics za jedwali likiwa tupu

Wakuu, habari zenu. Kuna siku niliambiwa nilock kitu nikalock, na hadi leo natamani ningekataa. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya.

Mimi ni mzee wa form four. Database nilijifunzia kazini, kwenye kampuni ya ambulance huku Westlands.

Kwa wasiojua: database huweka statistics, yaani kumbukumbu ya jedwali lina rekodi ngapi. Kwa hizo huamua itafute kwa njia gani. Zikiwa za uongo, inachagua njia mbaya.

Kila Jumapili kabla ya kanisa nilizikusanya upya.

Januari tulihamisha rekodi za simu za mwaka uliopita kwenye archive, hifadhi ya rekodi za zamani. Jedwali la simu likabaki tupu. Nikakusanya statistics hapo hapo, zikasoma sifuri.

Manager akaniita. "Mzee, lock hizo. Kazi yako ya Jumapili inatuchelewesha."

"Jedwali litajaa, boss."

"Likijaa tutaongea. Usiguse kitu inafanya kazi."

Nilijua ni makosa. Lakini nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu, sikutaka maneno. Nikalock, zikabaki kwenye sifuri bila kukusanywa tena.

Kufikia Juni jedwali lilikuwa limejaa, na database bado iliamini ni tupu. Screen inayotafuta gari lililo huru hupitia jedwali hilo, kwa hivyo ikawa inakwama. Akinyi, mpokeaji simu, alinitania: "Mzee, mashine yako imeenda kukunywa chai tena?"

Nilicheka naye. Kufungua hiyo lock ilikuwa command moja tu, mstari mmoja wa kuandika. Nikangoja manager aseme.

Alhamisi moja mchana Akinyi alipokea simu kutoka Kitisuru, akageuka kunitazama. Aliyepiga alikuwa shemeji yangu. Kaka yangu Njoroge alikuwa amebanwa na kifua.

Screen ikazunguka bila kuleta gari.

"Fanya kitu, mzee."

Nikajaribu kuingia nifungue ile lock, nikakosea password mara mbili. Akinyi akaacha screen, akaanza kupigia madereva mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa chini kwenye parking yetu, anakula githeri. Alikuwa huru muda wote huo.

Walifika Njoroge ameshakata roho.

Baada ya mazishi shemeji aliniuliza, "Shemeji, si wewe ndio hutunza hiyo mashine?" Nikamweleza yote, pamoja na ile command ambayo sikuandika.

Somo langu: usilock statistics za jedwali linalokua, hata mkubwa akikasirika. Kama nawe umewahi kunyamazia kitu kazini, andika hapa chini. Nitasoma zote, muda ninao.

Kazi nilimaliza vizuri, nikastaafu nikipigiwa makofi. Kaka yangu wa pekee yuko kaburini, na mke wake hapokei simu yangu.